Kiwango cha Mzee Luong

Khai aliuminya mfuko wa hewa kwa mikono miwili, na kila alipouminya, kifua cha baba yake kilipanda. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshageuzwa kuelekea geti la hospitali, injini ikiunguruma.

"Panda basi, Nhan! Unangoja konda akuite?"

Dada yake hakupanda. Alisimama mlangoni mwa gari, ameushika mguu wa baba.

"Una joto, kaka. Mguu bado una joto."

"Ndiyo maana tunakimbia! Unataka tungoje upoe? Umesahau ya mjomba Bay? Alikata roho kivukoni, na maiti haivushwi kizingiti. Jeneza likalala uani chini ya turubai, mvua inalipiga kama banda la kuku. Mpaka leo majirani wanatucheka."

Nyumbani kila kitu kilikuwa tayari. Mama alishatandika kitanda chumba cha kati, mbele ya madhabahu ya mababu. Mzee Luong angelazwa pale, bomba lichomolewe kooni, avute pumzi ya mwisho chini ya paa lake. Ndivyo anavyokufa mtu mwenye kwao.

Daktari Thuc alishuka ngazi kuja kuwaaga. Ni yeye aliyewapa habari asubuhi: mshipa umepasuka kichwani, na damu imeonyesha kiwango cha juu cha protini inayovuja ubongo unapoharibika. Alikuwa amekusanya vipimo vya namna hiyo kwa miaka mingi. Kila mgonjwa aliyefikia kiwango cha Mzee Luong alikufa. Hakupona hata mmoja.

"Hicho kipimo chako hakikosei, dada daktari?" Nhan alimuuliza. "Maana hata muuza samaki huapa samaki wake wamevuliwa leo."

"Nhan!" Khai alifoka.

"Mwache," alisema Thuc kwa upole. "Hakijakosea bado, mdogo wangu. Pole sana."

Nhan alifuta macho kwa mkono wa blauzi.

"Haya. Basi niambie kitu kimoja, nijiandae. Hao wengine walikufaje? Walihangaika? Walikoroma? Nimshike mkono, au nimwache apumzike?"

Vipimo vyao Thuc alivijua vyote kwa kichwa. Sasa alitafuta kifo kimoja tu: uso mmoja, pumzi moja ya mwisho. Hakupata.

"Sijui," alisema polepole.

"Hujui vipi? Si wagonjwa wako?"

"Sijamwona hata mmoja wao akifa. Walifia kwao, bomba likishachomolewa. Kila nilipokiona kiwango hicho, niliita gari hili."

Mikono ya Khai ilisimama. Thuc alirukia garini, akampokonya mfuko, akaanza kuuminya mwenyewe.

"Dereva, zima! Leteni kitanda! Huyu anarudi kwenye mashine ya kupumulia!"

"Dada daktari, una wazimu?" Khai alimshika bega. "Asubuhi umesema anakufa, sasa unamrudisha? Akikata roho humo ndani, utakuja kwetu kuwapigia magoti mababu, uwaombe radhi?"

"Siji," alisema Thuc, bila kuacha kuminya. "Na siwaombi."