Kikombe cha Wageni

Sahani ilimponyoka Tausi ikavunjika sakafuni. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amechutama kando ya kabati, mikono kichwani, akisubiri kupigwa. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, wiki ya pili tangu aolewe.

Mama mkwe wake, Bi Mgeni, aliyewahi kuwa nesi wa watoto, akaketi naye chini.

"Nani alikuwa anakupiga, mwanangu?"

"Sijui, mama. Shangazi alinichukua nikiwa na miaka mitatu. Ya nyuma siyakumbuki."

"Wewe huyakumbuki. Lakini ubongo wa mtoto hujengwa na yale anayopitia, na wako ulijua woga kabla haujajua maneno."

Bi Mgeni akanyanyuka, akatoa kabatini kikombe kimoja cha wageni, akampa mkononi.

"Kivunje."

"Mama!"

"Kivunje, uone kama kuna atakayekugusa."

Tausi akasimama. Akanyoosha mkono ulioshika kikombe, akamtazama mkwewe usoni, kisha akaanza kulegeza vidole, kimoja kimoja.