Kadi ya Mama Glory

Mpira wa Mama Glory uliingia tena kwenye kichaka cha shimo la saba, na wanaume wanne waliokuwa wakinywa chai kibarazani wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

Mama huyu, Veronika kwa jina lake la ubatizo, alikuwa na miaka hamsini na minne na magoti yanayolia akiinama. Nusu ya maisha yake alikuwa ameuza kabichi na nyanya za mlimani. Biashara ilipomkubali, akaona anachokosa duniani ni gofu. Akanunua glovu, viatu na kofia nyeupe kama ya nesi wa zamani. Watu wakizeeka wanajitafutia aibu kwa bei ghali.

Klabu yenyewe, chini kabisa ya milima ya Uluguru, haikuwa na hata miaka ishirini, lakini ilijiona imeumbwa pamoja na milima. Mgeni alipewa miezi mitatu ya kujifunza. Siku ya mwisho alicheza mashimo tisa mbele ya kamati, na akizidisha mikwaju sabini, geti halikumjua tena. Mama Glory alikuwa hajawahi kushuka chini ya themanini na tano.

Mlinzi wa getini ndiye aliyeongeza utamu. Alidai anamfahamu. Miaka ya nyuma, kila mwezi wa kumi na moja, mama huyo alikuwa akija na jembe begani akiomba kuingia, naye anamfukuza.

"Kumbe mazoezi alianza zamani," alisema Bwana Dadi, nahodha wa klabu, na kibaraza kizima kikaangua kicheko.

Halafu ule unga. Kila akitoka kichakani kutafuta mpira, viganja vilikuwa vyeupe. Alisema unazuia jasho. Wenzake walikuwa na poda maalumu kutoka ng'ambo, yeye ana unga wa mtama kwenye kitambaa.

Kichaka nacho kiliitia klabu doa. Wakata nyasi, wote watu wa milimani, walikizunguka na mashine zao na kukiacha kilivyo. Dadi alipowauliza, walimjibu kuwa pale hapakatwi. Alizunguka na neno moja kwa wiki nzima: wavivu.

Luqmani, mwalimu wa gofu, ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Mama, mipira yako inaingia palepale kila siku," alimwambia. "Mimi mwenyewe siwezi kupiga pale mara tatu mfululizo."

"Mkosi tu, mwalimu."

"Na ukienda kuitafuta unakaa robo saa nzima."

"Magoti, baba. Magoti."

Wiki ya mwisho Dadi alimfuata kumshauri, kwa sauti ile ya mtu anayejiona ana huruma.

"Mama Glory, si lazima. Kuna kwaya, kuna vikoba vya kuweka akiba. Umri nao una mambo yake."

"Nikishindwa nitaondoka, Bwana Dadi. Lakini nikifaulu, naruhusiwa kuingia siku yoyote?"

"Siku yoyote, mpaka ufe."

"Na kutembea popote humu ndani?"

"Mwanachama anatembea anapotaka," alisema Dadi, akacheka. Mama Glory hakucheka. Alikuwa anaogopa, na hofu ilimjaa usoni bila kificho. Yote hayo kwa ajili ya mpira usiojaza kiganja.

Jumamosi ya mtihani kibaraza kilijaa. Alipofika shimo la saba watu waliinuka vitini wasikose uhondo. Mpira ulipita mbali na kichaka, ukatua katikati ya nyasi. Wakarudi vitini, wamechukia kidogo.

Shimo la tisa lilimkuta na mkwaju mmoja tu wa akiba, na mpira uko hatua tatu kutoka tundu. Alijifuta jasho. Alijipanga, akarudi nyuma, akajipanga upya. Kisha akausukuma, ukaenda polepole, ukaingia. Sabini kamili.

Makofi yalikuwa machache. Dadi alimkabidhi kadi ya uanachama kama mtu aliyemeza dawa ya minyoo, na mezani wakaanza kuulizana ni nani aliyempokea tangu mwanzo.

Mama Glory hakungoja chai. Alirudi uwanjani peke yake, bila fimbo, bila mpira, moja kwa moja hadi kichakani. Dadi akamfuata amwambie kwamba mchezo umekwisha, kama hilo nalo lilihitaji kufundishwa. Alisukuma matawi, akachungulia.

Mama Glory alikuwa amepiga magoti, viatu amevua, anang'oa majani juu ya tuta refu lililonyunyizwa unga wa mtama, lenye msalaba wa saruji uliokatika mkono mmoja.

"Shikamoo, mama," alikuwa akisema. "Wamenipa kadi. Sasa hawatanifukuza tena."