Shati la Bonge

Kila sikukuu namshonea mdogo wangu shati, na sijawahi kumpima. Vipimo vyake viko kwenye daftari langu, na kila mwaka naongeza inchi mbili za tumbo. Ndiyo maana tunamwita Bonge. Huwa namtania kwamba kitambaa chake kingetosha pazia.

Mwaka huu nilikuwa nimeshakitandaza mezani, mkasi mkononi, wifi yangu, mke wa Bonge, alipoingia bila hata kupiga simu.

"Usikate kwanza, wifi."

Akatoa mkobani uzi wa sufi wenye mafundo mawili. "Fundo la kwanza shingo, la pili tumbo. Nimempima akiwa amelala, wala hakushtuka."

Nikaunyoosha uzi juu ya futi ya kupimia, nikacheka. "Wifi, hapa umempima mwanao."

Hakucheka. "Alinikataza nisikwambie mpaka sikukuu ipite."

Nikapima tena, polepole. Kisha nikachukua chaki na kuchora mstari mpya. Zaidi ya nusu ya kitambaa ilibaki nje ya mstari ule. Nikaipapasa kwa kiganja kana kwamba ina mikunjo.

"Nitaacha kitambaa cha ziada kwenye mishono, kwa ndani," nikasema. "Akinenepa, nafumua tu."

Wifi alikuwa akifungua mafundo ya ule uzi kwa kucha, moja baada ya jingine.

"Usiache, wifi," akasema. "Kitamchubua mbavu."