Mstari Mmoja Umepungua

Asubuhi hiyo, kwa mujibu wa kompyuta, wafanyakazi wote walikuwa wanaishi baharini.

Mchora ramani alikitazama kioo, akakuna kichwa. Mistari ilianzia katikati ya maji, mahali ambapo hata meli hazina shughuli, ikaja moja kwa moja mpaka mlangoni pa ofisi.

"Naona nimehamia kwa papa," alisema mtunza stoo, amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Papa watahama wenyewe," akajibu mhasibu kutoka meza ya pili, wala hakuinua kichwa. Hao wawili hawakuwahi kupishana bila kurushiana maneno.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Namba ya kaskazini na kusini ilikuwa imekaa mahali pa namba ya mashariki na magharibi. Akazibadilisha, akabonyeza. Mistari ikavuka bahari yote kwa mkupuo, ikatua mjini, kila mmoja na paa lake.

Ofisi ilikuwa imepata gari la kuwachukua watu asubuhi. Kila mtu aliambiwa, Jumamosi, akiwa nyumbani, abonyeze simu na kutuma alipo. Kazi ya mchora ramani ilikuwa kuunganisha kila nyumba na ofisi kwa mstari, ili dereva ajue apite wapi. Majina hayakuwekwa. Walikataa katakata; nani anataka wenzake wajue anapokaa, waanze kupitia chai?

Akahesabu mistari. Kumi na mitatu. Akahesabu watu. Kumi na wanne, bosi na yeye mwenyewe wakiwemo, na wote walikuwa wametuma.

Bosi alitoka ofisini kwake anapiga mluzi, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizi. "Vipi, binti, tumemaliza?"

"Mstari mmoja umepungua, bosi."

"Umeenda wapi?"

"Ningejua ulikoenda, usingekuwa umepungua."

Chai ikampalia mtunza stoo. Bosi hakucheka. Kwenye kazi alikuwa hana masihara.

"Sikiliza. Gari likimwacha mtu mmoja barabarani, lawama ni zangu. Majaribio yako yanaisha leo, na barua yako ya ajira iko mezani kwangu. Huo mstari ukipatikana, nasaini. Usipopatikana, tutaagana vizuri tu."

Mchora ramani aliihitaji barua hiyo. Kabla ya hapa alikaa sana bila kazi, anamtegemea mama yake, na alikuwa na hakika mama amemchoka. Mpaka leo, kila Jumamosi ikifika, mama humtoa nyumbani. "Nenda kasuke nywele, mwanangu, na usiwe na haraka ya kurudi." Hata kama zilisukwa juma lililopita. Ngozi ya kichwa ilikuwa imeshaanza kulalamika.

"Labda kompyuta imeumeza," alisema mtunza stoo.

"Kompyuta haimezi. Ila mistari miwili inaweza kulaliana. Ikianzia pamoja na kuishia pamoja, jicho linaona mmoja."

Watu wakatazamana.

"Yaani humu ndani kuna wawili waliotuma kutoka nyumba moja?" aliuliza mhasibu.

Macho yote yakamgeukia yeye, kisha yakahamia kwa mtunza stoo.

"Mimi na huyu?" mhasibu alisema. "Nirudisheni baharini."

"Na mimi nitahama bahari," alisema mtunza stoo. Lakini mhasibu alikuwa ameacha kuandika, na watu waliliona hilo.

Bosi akalegeza tai. "Basi, binti. Hatuna haja ya kuchimbua mambo ya watu. Ipeleke ramani hivyo hivyo."

Mchora ramani akajua anapimwa. Akavuta kiti, akashika kipanya.

Mstari wa kwanza aliuvuta karibu mpaka yakaonekana mapaa na mageti. Ulikuwa mmoja. Wa pili, mmoja. Wa tatu ulianzia uwanja wa mpira, wa nne ulianzia baa. Huyo nadhani alipoambiwa nyumbani, alijibu kwa moyo safi. Mtunza stoo akaanza kuangalia dari. Kila mstari uliokutwa peke yake, watu walipiga makofi, na mhasibu ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

"Nilisema mimi," alitamba mhasibu, mstari wa kumi na mbili ulipopita. "Haya, niombeni radhi mmoja mmoja, bila kusukumana."

Ukabaki mmoja. Mchora ramani hakuwa na mpango wa kuukagua, maana ulikuwa wa kwake mwenyewe. Akaukagua tu ili kufunga hesabu.

Akavuta karibu. Likaja paa la bluu, likaja tangi la maji, likaja geti ambalo yeye mwenyewe alilipaka rangi likizo iliyopita. Hapo mstari ukaachana taratibu, kama uzi uliofumuka. Ikawa miwili. Mmoja ulianzia chumbani kwake. Wa pili ulianzia sebuleni.

"Lakini kwetu tunakaa wawili tu," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi na mama. Na mama hafanyi kazi hapa."

Alisikia kalamu ikikwaruza karatasi, kisha barua yake ya ajira ikatua mezani pake, sahihi ikiwa bado mbichi.

"Mama yako alisema," bosi akakohoa kidogo, "atakwambia mwenyewe."