Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Nati iligoma kwa mara ya nne, na safari hii spana iliteleza ikamchuna seremala vifundo vya vidole. Alibaki amelala chali chini ya gari, juu ya boksi alilolitandika uani, akinyonya damu na kuitazama nati ile kama anayetazama mtu aliyemkosea adabu.

Spana aliyokuwa nayo ni ile ya kurekebisha, ambayo mafundi huiita malaya kwa kuwa haichagui nati. Hii iliikataa. Nati ilitaka spana namba kumi na tisa, na katika seti yake nzima, kumi na tisa peke yake ndiyo iliyokosekana.

Hilo lilimuuma kuliko vidole.

Seremala hakuwa mtu wa kupoteza vitu. Kila kifaa chake kilikuwa na mstari wa rangi nyekundu, alioupaka kwa mkono wake, na kila kimoja kilikuwa na msumari wake ukutani. Miezi mitatu nyuma alibadilisha shokapu za mbele pale pale uani, akisaidiwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi bomba. Jioni shemeji akaondoka na mkoba wake. Asubuhi msumari wa kumi na tisa ulikuwa mtupu.

Alitafuta siku mbili kabla ya kusema neno. Lakini alipolisema, alilisema sebuleni, mbele ya watu: kuna wenye mazoea ya kuchanganya vyao na vya wenzao. Fundi bomba aliumwaga mkoba wake wote sakafuni, akavirudisha vitu kimoja kimoja, akaaga. Hakukanyaga tena nyumba ile.

Kana kwamba hayo hayatoshi, gari nalo likaanza kugonga. Ko, ko, upande wa kushoto, kila linapopita tuta. Seremala hakukurupuka. Alisikiliza, akatikisa gurudumu, akauliza wanaojua, akaamua kwamba ni bushi, yale mapete ya mpira yanayoushika mkono wa chuma wa gurudumu usigongegonge. Zimekwisha. Akanunua mpya.

Ilibidi zifungwe leo, maana kesho mama mkwe anaingia kwa basi la saa nne. Tena mama mkwe alikwisha tuma ujumbe: atakuja, ila hatakula kwenye meza ambayo mwanawe anaitwa mdokozi. Mke wa seremala aliusoma kwa sauti, akaiweka simu chini. Baadaye, akiwa anakunja nguo, alimuuliza mumewe ile spana ilikuwa namba ngapi.

"Kumi na tisa."

"Ina kichwa kimoja au viwili?"

Seremala alidhani anadhihakiwa, akageukia ukutani akalala.

Sasa akaijaribu nati kwa mara ya tano. Ikateleza tena. Alikuwa bado anaguna alipoona viatu vikisimama kando ya gari, kisha magoti, kisha uso wa shemeji yake.

"Pole na kazi, shemeji."

"Unaiona mwenyewe."

Fundi bomba akaupitisha mkono chini ya gari. Kiganjani palikuwa na spana namba kumi na tisa.

"Ilikuwa chini ya kiti cha pikipiki," alisema. "Nisamehe. Ni kweli niliondoka nayo."

Seremala aliigeuzageuza. Ilimeremeta. "Na rangi yangu?"

"Ilijaa grisi. Nikaiosha kwa petroli, na rangi ikatoka."

Seremala alikuwa na hotuba aliyoitunza miezi mitatu. Aliitoa nusu, kwa upole, akiwa bado amelala chali: kwamba mtu akichukua kitu aseme, na kwamba neno moja lingewaepusha na yote haya. Shemeji alimsikiliza huku ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyechelewa. Hotuba ilipokwisha, seremala akamwambia yamepita, na moyoni akajiona mtu mwema.

Spana ilikaa barabara. Nati ikalia, ikaachia. Wakafanya kazi pamoja, huyu akishika, yule akigonga nyundo, hadi mkono wa chuma ukashuka chini mzima na bushi zake. Jua lilikuwa limeshafika nyuma ya ukuta mke alipochungulia kutoka jikoni.

"Inatosha, njooni mnawe," alisema. "Mtamalizia kesho. Mama nitamfuata kwa teksi."

Miezi mitatu hakuwa amezungumza kwa sauti ile. Shemeji akaingia ndani.

Seremala alibaki akikusanya vifaa. Kwa mazoea tu, alimulika bushi ya zamani kwa simu, akaibonyeza kwa kidole gumba. Mpira ulikuwa mgumu, mzima, hauna hata ufa. Akabonyeza ya pili. Nayo vilevile.

Akakunja uso. Akauinua mkono wa chuma, ambao ndani yake una uwazi kama sanduku, ili auegemeze ukutani hadi asubuhi.

Ko.

Akauinamisha upande wa pili.

Ko.

Ndani ya nyumba mkewe alikuwa anacheka, na shemeji anasimulia kitu akicheka naye. Seremala akaligeuza tundu la mkono ule likaelekea chini, akautikisa. Kwanza lilidondoka tope kavu. Kisha ikadondoka spana, ikalala juu ya boksi kando ya ile inayomeremeta, na shingoni ilikuwa na mstari wa rangi nyekundu.