Mwiko wa Marehemu

Zamani hizo wanyama nao walikuwa na maofisa, na Fisi ndiye aliyekadiria mirathi. Msibani kwa Nguchiro aliuona mwiko wa marehemu mama yake Nguchiro, uliolika upande mmoja kwa kusonga ugali.

"Hauna thamani," akasema, akautupa motoni.

"Mheshimiwa, ndio pekee niliotaka!" Nguchiro akalia.

"Kanuni haitambui machozi, binti."

 Nguchiro akamrukia Fisi, akamvua kofia yake iliyotoboka, akaitupa motoni nayo.

"We mwehu! Ya marehemu baba hiyo!" Fisi akatumbukiza mkono kwenye makaa, manyoya yakaungua, asiutoe mpaka akaipata.

Nguchiro hakumpa hata maji. "Majivu ya mwiko yako hapo, Mheshimiwa. Yakadirie."