Mkono wa Kumjua Kolekole

Katika mji ule mvuvi alitakiwa kutaja jina la samaki kabla hajaonekana, kwa namna tu anavyovuta mshipi. Makungu hakuwahi kukosea. Kolekole, alizoea kusema, hupiga kichwa mara mbili kisha huzama moja kwa moja mwambani.

Leo alirudi kwenye jabali lake kwa mara ya kwanza tangu apate kiharusi. Aliulaza mshipi kwenye vidole vya mkono wa kulia, ule uliokufa ganzi.

"Tumia wa kushoto, Baba Siwatu," mkewe alimsihi.

"Huu umepona. Utaona mwenyewe."

Akafumba macho, kama alivyozoea, ili asikilize kwa vidole.

Mshipi ukashtuka mara mbili, kisha ukakimbia kuelekea mwambani, ukimchana vidole. Mama Siwatu akafumbua kinywa, jina la samaki likiwa ulimini.

"Tulia," alisema Makungu, macho kayafumba vilevile. "Bado hajagusa chambo."

Mshipi ukakatika. Mkewe akachukua ncha ya kanga, akaanza kuufunga polepole ule mkono unaovuja damu, na Makungu akaendelea kusubiri.